Ufunguo wa Mtani

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Evarista Ziem ilikuwa kufunga milango ya watu. Alikuwa mkaguzi wa vituo vya tiba, na eneo lake lilikuwa vijiji vyote vya kusini mwa mji wa Bolgatanga, kutoka barabara kuu mpaka kwenye mabwawa. Akimkuta mtu anadunga watu sindano bila cheti, au anang'oa meno kwenye kibanda cha mabati, au anauza vidonge vya kuhesabu kutoka kwenye kopo la maziwa, alimwandikia karatasi, akamtaka atie sahihi, akapaka mlango alama nyekundu na kuufunga kwa kufuli la serikali. Kisha alipanda pikipiki akaenda kwa mwingine. Akirudi baada ya miezi miwili, nusu ya milango ile huikuta wazi, naye huanza upya. Mama mwenye mtoto kikojozi ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ilibaki miezi saba astaafu. Zamani alikuwa mkunga, na ukunga ndio uliomla magoti: usiku mwingi wa kusimama, sakafu nyingi za saruji za kupiga magoti. Alikuwa akishuka kwenye pikipiki kwa awamu, mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili. Kwao Jirapa dada yake alikwishamtengea chumba na kipande cha shamba la karanga. Evarista alikiwaza chumba kile kila siku, hasa kitanda chake.

Yeye ni Mdagaaba, na Wafrafra wa huku ni watani wake wa kuzaliwa. Nani alianza kugombea na mwenzake kichwa cha mbwa kilicholeta utani huo, hakuna anayekumbuka, na wanaosema wanakumbuka ni waongo. Lakini sheria zake hata mtoto anazijua. Mtani hakasirikiwi, hata akikuita mtumwa wake. Mtani akiomba kitu mbele za watu, hanyimwi. Na mtani akija msibani akashika kitu au akakaa njiani, maiti haipiti mpaka akombolewe kwa kile anachokitaka.

Mwaka wake wa kwanza wa ukaguzi, Evarista aliingia kijiji kimoja na uso wa kiserikali. Walimpiga mawe, kioo cha pikipiki kikavunjika na jino moja likalegea. Tangu siku hiyo alijifunza kuingia kwa utani. Anatukana, anatukanwa, watu wanacheka, na katikati ya kicheko kufuli linabana. Wakubwa wake mjini walimsifu kwa hilo. Walisema Madamu Ziem ana njia zake, na walimpeleka kule walikoshindwa wengine. Yeye mwenyewe alijua njia hiyo ilikuwa na kasoro, ila hakuwahi kupata nafasi ya kukaa akaifikiria.

Basi siku moja mwanzoni mwa mwezi wa tatu, jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limetanda, alifika Zuobisi siku ya soko. Nyuma yake kwenye pikipiki alikaa Salifu, mwenzake wa ofisini, amekumbatia kopo la rangi na begi la makufuli. Walikuja kwa ajili ya Akologo.

Akologo alifagia maabara ya hospitali kubwa kwa miaka kumi na minne. Alipopunguzwa kazi alirudi kwao na koti jeupe, kifaa cha kupimia mapigo ya moyo, na kumbukumbu ya yale aliyoyaona akiwa na ufagio mkononi. Alipaka nyumba ya vyumba viwili rangi ya buluu, akaandika juu ya mlango: DOKTA AKOLOGO, TIBA ZOTE. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Evarista kuliko yote. Alikuwa mpole, aliamka saa yoyote, alijua majina ya watoto wa kila mtu. Kituo cha serikali kilikuwa umbali wa saa mbili kwa miguu, na muuguzi wake alikuja mara mbili kwa wiki, kama mvua haijanyesha. Akologo alikuwepo siku zote. Sindano zake alizichemsha kwenye sufuria ya mboga.

"Haya, watumwa wangu," Evarista alisema akishuka kwa awamu zake. "Nimekuja kukagua mali yangu."

"Mali yako iko Jirapa, inabweka," mzee mmoja alimjibu kutoka kwenye benchi la pombe.

Watu wakacheka. Ng'ambo ya njia, mkabala na nyumba ya buluu, Atampoka alikuwa kwenye vyungu vyake vya pito, pombe ya mtama. Alikuwa mpika pombe wa Zuobisi tangu ujana, mwanamke wa miraba minne, mjane, umri wake sawa na Evarista au ameuzidi kidogo. Kwa miaka kumi na tisa hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kistaarabu hata mara moja.

"Atampoka, kumbe bado hujafa?"

"Nife, wewe utakunywa wapi? Mdagaaba akikosa pombe yangu anarudi kwao kunywa maji ya matope. Kaa kwanza. Unatembea kama bata aliyekanyagwa."

"Na wewe simama nikuone unavyotembea."

Atampoka hakusimama. Alinyoosha mguu wa kulia mbele yake na kulipapasa goti. "Hili limenishinda, mtumwa wangu. Limekuwa kama mgeni asiyeaga. Lakini wiki ijayo Dokta ananitia sindano humo humo ndani."

"Humo humo ndani ya goti?"

"Ndani kabisa. Amesema maumivu yanatoka kama moshi."

Hapo Evarista aliacha utani, au alidhani ameuacha. Aligeukia watu akasema kwa sauti, "Nisikilizeni. Huyu Akologo si daktari. Alikuwa anafagia. Sindano ya goti hata daktari mwenyewe anaogopa kuitia, na mikono yake ameiosha mara tatu. Mkimpa huyu goti, atakupeni jeneza."

"Na wewe ulikuwa unafagia wapi?" yule mzee wa kwenye benchi akamuuliza.

"Alikuwa anafagia mifupa ya mbwa," akadakia mwingine.

Benchi zima likaangua kicheko, na Evarista naye akacheka. Alicheka kwa sababu mzee alisema vizuri, na kwa sababu ukishacheka pamoja na watu mia hawakupigi mawe. Akologo alitoka na koti lake, akasoma karatasi kwa utulivu, akatia sahihi kama anayepokea mwaliko wa harusi. Salifu akapaka alama nyekundu. Kufuli likabana.

Kufuli la serikali huja na funguo mbili. Mmoja hukaa ofisini, wa pili hukabidhiwa polisi wa mahali. Siku ile kituo cha polisi cha Zuobisi kilikuwa kimefungwa, konstebo ameitwa mjini. Kwa hiyo Evarista alisimama katikati ya njia na funguo mbili kiganjani, na Atampoka akaziona.

"Mmoja nipe mimi," alisema. "Mtumwa haondoki na funguo zote za nyumba ya bwana wake."

"Nikupe ukafanye nini?"

"Nikae nao. Nimekuomba, mtani. Nimekuomba mbele ya watu."

Watu wakasogea ili wasikie jibu, huku wanatabasamu. Evarista alitazama jua, akatazama mwendo uliobaki hadi kijiji kinachofuata. Goti la kushoto lilikuwa linamwuma mpaka kwenye nyonga. Ubishi ungechukua nusu saa, na pengine ungeharibu kicheko kilichomfungia ule mlango. Alikuwa amechoka. Silisemi hili kumtetea. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Ushike mpaka Ijumaa," alisema, akamrushia ufunguo mmoja. "Ijumaa nakuja na gari kubeba hizo dawa zake. Ukifungua nakuuza sokoni."

"Nani atanunua kikongwe?" Atampoka alisema, akautia ufunguo kwenye uzi na kujivika shingoni kama mkufu. Hata Akologo alitabasamu.

Njiani Salifu alisogeza mdomo karibu na sikio lake. "Madamu, ule ufunguo."

"Ijumaa, Salifu."

Ijumaa gari lilikwenda kumpokea mkubwa fulani kiwanja cha ndege. Ijumaa iliyofuata lilikuwepo ila halina mafuta. Ya tatu kulikuwa na semina ya siku nne juu ya kulinda jamii dhidi ya matabibu wasio na leseni, na Evarista alikaa kiti cha mbele, akapewa kalamu na chupa ya maji. Ufunguo ulimjia akilini mara moja au mbili, akauondoa. Alijiambia Atampoka ana akili.

Siku ya pili ya semina alipigiwa simu na muuguzi wa hospitali kubwa, mwanafunzi wake wa zamani. Mgonjwa fulani wodini anamwulizia, alisema, na anamwita mtumwa wake.

Alimkuta Atampoka amelazwa kando ya dirisha, mguu wa kulia umefungwa bandeji kutoka paja hadi ugoko. Uso ulikuwa umesinyaa. Harufu Evarista aliijua kabla hajafika kitandani. Mkunga wa zamani haisahau. Kwenye kiti alikaa Ayinbire, mwana wa pekee wa Atampoka, mwanamume wa miaka thelathini na tano mwenye fugu, shati pana la kufumwa, ya mistari iliyochafuka. Alisimama kumpisha akatoka nje.

"Umechelewa," Atampoka alisema. "Ulisema Ijumaa."

"Nimechelewa."

"Nilikungoja ile Ijumaa. Siku ya pili goti likanilaza chini, sikuweza kukoroga chungu. Nikamwita Dokta, Ayinbire akanibeba mpaka pale, nikamfungulia kwa mkono wangu. Akanitia sindano, akafunga tena, akanirudishia ufunguo. Mtu muungwana. Likavimba, akalipasua kwa wembe." Alipumzika kidogo. "Moshi haukutoka."

"Nilikwambia, Atampoka."

"Uliniambia lini? Ulikuwa unanitania." Aliufumbata mkono wa Evarista ndani ya wake, na joto lilikuwa kali kama la jiwe la mekoni. "Sikiliza. Nikifa njoo. Uchukue kile chungu changu kikubwa, ukae nacho njiani, usiondoke mpaka wakupe kichwa cha mbwa. Na usilie. Mdagaaba akilia msibani kwangu nitaona aibu huko niendako."

"Nyamaza, mla mbwa."

"Mla mbwa ni wewe," Atampoka alisema, akalala. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi.

Polisi walikwenda Zuobisi, kwa sababu Evarista aliwaandikia. Wakaukuta mlango wa buluu umefungwa, kufuli zima, alama nyekundu haijakwaruzwa. Akologo aliwapa viti. Aliwauliza kwa upole, sasa mtu aliyefungiwa nyumba na serikali angemtibia mtu wapi? Walimwuliza Ayinbire, naye akasema ni mapenzi ya Mungu. Wakarudi. Mkubwa wao alimwambia Evarista kwenye simu, "Madamu, kufuli lako mwenyewe ndilo shahidi wake. Ulilifunga vizuri mno. Niletee mtu aliyeona."

Mtu aliyeona alikuwa mmoja tu, Ayinbire, ambaye alimbeba mama yake kwenye bega mpaka ndani ya nyumba ile. Na akisema aliyoyaona, swali la pili litakuwa mlango ulifunguliwa na nini. Kutoka hapo hadi kwa Evarista ni hatua moja. Alizijua kanuni za kazi kwa kichwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wapya. Mkaguzi anayemkabidhi raia ufunguo anafukuzwa, na anayefukuzwa hana kiinua mgongo, hana pensheni. Miezi saba. Dada yake Jirapa alikuwa ameshanunua hata shuka.

Siku mbili zilizobaki kabla ya maziko alizunguka ndani ya nyumba yake bila kula cha maana. Hakuna aliyekuwa anamfuatilia. Angenyamaza tu, na mambo yangejinyamazia yenyewe, na Akologo angengoja mwezi mmoja au miwili kisha angefungua. Hilo la mwisho ndilo lililokataa kumtoka. Aliwafahamu wanawake wa Zuobisi kwa magoti yao. Wote walikuwa wamelima, wamebeba maji, wamebeba kuni. Zuobisi ilikuwa kijiji kizima cha magoti mabovu, na yule mpole na sufuria yake alikuwa ng'ambo ya njia.

Siku ya maziko alijipaka majivu usoni, akavaa kofia ya nyasi iliyotoboka na gauni alilovaa kinyume, kama inavyompasa mtani, akapanda pikipiki. Salifu alikataa kumwacha aende peke yake. Alikaa nyuma, akimshika kiuno kwa adabu.

Walimwona kuanzia mbali. Vilio vikapungua, watu wakaanza kufuta macho na kusogea, kwa sababu mtani akifika msibani wafiwa hupata ruhusa ya kupumua. Wanawake wa pombe walimpisha. Mzee wa kwenye benchi, ambaye kumbe ni mdogo wa marehemu mume wa Atampoka, alitoka mlangoni na fimbo.

"Tumesikia harufu ya mbwa, tukajua ni nyie."

"Tumekuja kuhakikisha amekufa kweli," Evarista alisema. "Huyu alikuwa mwongo."

Walicheka, na kicheko chao kilikuwa na machozi ndani. Aliingia jikoni akakitwaa chungu kikubwa cha pito, akakiviringisha hadi kwenye njia nyembamba iliyotoka chumba cha maiti kwenda kaburini. Akaketi juu ya ardhi, miguu mbele, chungu mapajani. Kushuka kulimchukua muda, na mtu mmoja alipaza sauti kuuliza kama wamletee winchi.

Akologo alikuwepo. Alikuwa amevaa fugu safi, hana koti jeupe, na alikuwa amechangia mbuzi. Alipita karibu na Evarista kana kwamba anatafuta kivuli, akainama.

"Madamu, tumzike mama kwa amani," alisema taratibu. "Mimi ufunguo sijauona. Wewe je?"

Aliendelea na safari yake. Evarista alitazama mgongo wake ukiondoka, akahisi uchovu wa miaka yote kumi na tisa umekuja kumkalia begani kwa mkupuo.

Wakamletea kichwa cha mbwa, kimechomwa, kwenye kibuyu. Ndicho alichokiagiza Atampoka. Alikitazama akakisukuma kando.

"Sikitaki."

"Mdagaaba amekataa kichwa cha mbwa," mzee alitangaza. "Andikeni tarehe."

Wakaleta kanga, akamkataa. Wakaleta jogoo, kisha mwana-mbuzi. Kila akikataa kicheko kilipanda. Hatimaye mzee alimwuliza unataka nini basi, mtumwa wetu, sema jua linapanda.

"Nataka Ayinbire."

Wanawake walipiga vigelegele. "Anataka kuolewa, ajuza!" mmoja alisema. "Ayinbire, jiandae, ana magoti mawili tu na yote mabovu."

"Nataka aje nami polisi," Evarista alisema, "aseme ni nani aliyemtia mama yake sindano, na ni katika nyumba gani."

Wengine walikuwa bado wanacheka ile ya kwanza. Akaongeza sauti. "Mlango niliufunga mimi. Ufunguo nilimpa Atampoka mimi. Mlikuwepo, mliniona. Mimi ndiye niliyemuua."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Kipi kingine mtani atasema chenye ladha kuliko hicho? Mwuaji amejileta, walisema, mfungeni, na mzee akachukua ugwe wa kufungia mbuzi akamzungushia mikononi, akipiga fundo la mchezo. Watu walishikana mabega. Evarista alitazama mikono yake iliyofungwa. Alikuwa amesema jambo zito kuliko yote aliyowahi kusema maishani, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, na walikuwa wamelipokea kama zawadi.

Hapo ndipo ile kasoro aliyokuwa hana nafasi ya kuifikiria ilipojifikiria yenyewe. Kwa miaka kumi na tisa aliwaambia watu hawa ukweli akiwa anacheka, na walimpa alichostahili: walicheka naye. Alikumbuka aliagizwa asilie, akajizuia.

Alikaa tu. Kicheko kikaenda kikarudi, kikapungua, kikafufuka kidogo mtu alipotania kuhusu kofia, kikazima. Jua lilifika utosini. Ndani ya chumba maiti, iliyotolewa alfajiri kwenye barafu ya hospitali, ilikuwa inangoja kwenye mkeka, na kila mtu alijua joto la mwezi wa tatu linafanya nini. Wabebaji walikuja mlangoni wakasimama. Hakuna aliyethubutu kumruka.

"Mtani, inatosha," mzee alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Haijatosha."

"Umecheza vizuri. Ondoka sasa."

"Kuanzia lini mimi nimecheza nikiwa sicheki?"

Mzee alimtazama usoni, chini ya majivu. Kisha aliinama, akaanza kuufungua ule ugwe mikononi. Mwanamke mmoja wa pombe alikaa chini pale pale alipokuwa na kuanza kulia, akilitaja goti la mama yake mwenyewe, ambalo Akologo alikuwa amelidunga mwaka juzi. Watu waligeuka kumtafuta Akologo. Alikuwa amefika kwenye lango la ua, anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na Salifu alikuwa ameegemeza pikipiki kukinga lile lango.

Ayinbire alitoka chumbani. Alipita katikati ya wabebaji akaja mpaka kwenye chungu, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Alitia mkono kwenye mfuko wa fugu, akatoa ufunguo ukiwa bado kwenye uzi wake.

"Tuliuvua hospitalini wakati wa kumwosha," alisema. "Nimekaa nao siku tatu, sijui niufanyeje. Polisi wakiuliza mama aliutoa wapi, niseme nini?"

"Sema nilimpa mimi."

"Watakufukuza, Mama."

"Watanifukuza."

Ayinbire aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha Evarista, akaufunika kwa mkono wake. "Tulidhani unatania," alisema. "Hata yeye alidhani hivyo."

"Hata mimi," Evarista alisema.

Ayinbire alimshika chini ya kwapa, mzee akashika upande wa pili, wakamsimamisha kwa awamu, mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili. Alikirudisha chungu kwa wanawake wa pombe. Kisha akatoka njiani, na wabebaji wakampitisha Atampoka.